Uliza Fundi Sauti: Mvua ya bati nayo ni muziki?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu huu muziki wa watu wanaorekodi sauti za mtaani, mvua, vyuma, vyura, af wanaingiza kwenye kompyuta wanazivuruga mpaka zinakuwa kitu kingine kabisa. Nikadhani ntapata ujumbe mbili tatu za kunicheka. Zimekuja nyingi kuliko zile za redio za gari, na hizo za redio za gari ndo zinaniweka kwenye huu ukurasa jamani. Basi leo za gari zisubiri.

SWALI: Shikamoo anko. Mi niko Mwanza, binamu yangu anasoma Ujerumani kanitumia muziki wa jamaa anaitwa KMRU, anasema ni Mkenya. Nikavaa hedfoni nikasubiri biti iingie. Dakika ya tano hamna biti. Dakika ya kumi ni mvumo tu na kitu kama mtu anaburuza mguu mbali huko. Na wimbo wenyewe unazidi dakika 20! Nikapitiwa na usingizi kabisa. Sasa huu ni muziki au binamu ananitania?
Msikilizaji wa Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajakutania, na kulala si kosa, mi mwenyewe nimelala nao mara nyingi. KMRU ni Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki 2018, jina moja kabisa babu na mjukuu. Albamu iliyomtoa kwa watu wengi inaitwa Peel, ya 2020, na nahisi ndo hiyo uliyotumiwa maana wimbo wake wa mwisho ndo huo mrefu. Jamaa anatembea na rekoda, anachukua sauti za sehemu alizopo, af anazivuta na kuzipanga moja juu ya nyingine taratibu mpaka huelewi wapi upepo umeishia na wapi kinanda kimeanza.

Ukiuliza hii kitu ilianzia wapi wengi watakwambia Paris, 1948, fundi wa redio anaitwa Pierre Schaeffer aliyeenda stesheni ya Batignolles akarekodi matreni, akatengeneza kipande cha muziki kwa matreni matupu na redio ikakirusha mwezi wa kumi mwaka ule ule. Ni kweli. Ila miaka minne kabla yake, 1944, pale Cairo, kijana wa Kimisri anaitwa Halim El-Dabh alikopa mashine nzito ya kurekodia, ilikuwa inarekodi kwenye waya wa chuma, tepu hata hazijafika mitaani, akaenda nayo kwenye zaar ya kina mama. We kama una bibi wa Pwani unajua ngoma ya kupunga pepo, basi zaar ni ndugu yake, ngoma, kuimba, mgonjwa katikati, mpaka pepo aseme anataka nini. El-Dabh akarudi na ule waya studio ya redio, akaanza kuzichuja zile sauti, anaondoa ile sauti nene yenyewe anabakisha milio yake myembamba ya juu, anazipitisha kwenye chumba chenye mwangwi. Kilichobaki kusikika leo ni kama dakika mbili tu. Kitafute. Utasikia wanawake wanaoimba, ila kama wako chini ya maji, au kama unawakumbuka.

Kwa hiyo ndio, ni muziki, ila biti haiji mwanangu. Ukiisubiri utachoka kama anayesubiri daladala saa saba usiku. Usikilize kama unavyosikiliza mvua ukiwa umelala, huulizi mvua kibwagizo kiko wapi.

SWALI: Habari fundi. Nimevutiwa sana, nina simu ya kawaida na laptopu yenye Audacity, ile programu ya kukata na kuhariri sauti. Nimeenda kurekodi pantoni ya Kigamboni asubuhi, nilivyosikia kwa masikio ilikuwa hatari, minyororo, watu, honi, maji yanapiga chuma. Nikirudi nyumbani nikisikiliza ni takataka. Sauti inapanda inashuka yenyewe, upepo unapuliza puu puu puu, na maji siyasikii kabisa. Ninunue maiki gani?
Kijana wa Kibada, Dar

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Simu yako imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, kwa hiyo ndani yake kuna programu inayofikiria kwamba wewe ndo muhimu na dunia nzima ni usumbufu. Ukinyamaza inapandisha sauti ikitafuta mtu anayeongea, honi ikilia inaibana, na mlio wowote unaoendelea bila kubadilika kama maji au injini inauona ni uchafu, inaufuta. Yaani kitu ulichokifuata wewe ndo kitu yenyewe imefundishwa kukitupa. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima hiyo mitambo ya kujirekebisha na inayohifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyokamuliwa, zipo za bure. Na usirekodi kwa voisi noti ya WhatsApp, hiyo inakamua sauti mpaka inabaki mifupa.

Upepo dawa yake ni manyoya au sponji. Soksi nene ya sufu inasaidia kidogo, sponji la godoro ulilolitoboa katikati linasaidia zaidi, na kuupa upepo mgongo, wewe ukawa ukuta, kunasaidia kuliko vyote na ni bure. Mi nina kile kifuniko cha manyoya marefu ya kijivu, siku moja niko karibu na daraja fulani mlinzi akaja mbio kuniuliza kwanini nimemchomeka paka kwenye fimbo. Tulicheka ila aliniondoa vilevile, na alikuwa na haki, sehemu kama bandari, madaraja na kambi uliza kabla hujatoa chochote mfukoni.

Halafu sogea. Watu wanasimama katikati ya pantoni wanataka kila kitu, wanapata uji. Nenda pale mlango wa chuma unaposhuka, kaa hatua mbili toka kwenye mnyororo, dakika tano usiongee, usitembee, usikohoe. Af nenda ukingoni, maji tu, dakika tano. Af watu tu. Utazichanganya mwenyewe nyumbani, huwezi kuzitenganisha zikishachanganyika.

Siku ukipata hela, rekoda ndogo ya mkononi yenye maiki mbili itakutosha miaka. Kwenye vipimo vyake vya ubora weka 48 kHz na biti 24 (hizi sio biti za ngoma), stereo, saa moja inakula kama gigabaiti moja hivi, kwa hiyo kadi ya 32 utazunguka nayo siku nzima. Kama unajua unaenda kuipunguza sauti mwendo sana basi panda mpaka 96 kHz, maana kuna milio juu ya uwezo wa sikio, wadudu na popo wanalia huko, ukiishusha mwendo inateremka hadi unaisikia, mradi maiki yako ilifika huko juu.

Na kabla ya rekoda kuna kitu cha bei ya soda. Ndani ya midoli inayopiga muziki na saa za kengele za kichina kuna kisahani cha shaba chembamba kama sarafu. Mpelekee fundi redio akuchomelee waya mbili na jeki. Hicho hakisikii hewa, kinasikia mtikisiko wa kitu ulichokibandika. Kibandike kwenye nguzo ya kivuko, kwenye waya wa uzio, kwenye bati mvua ikianza. Utasikia sauti nyembamba kidogo, besi haba, ila ni dunia nyingine ambayo ulikuwa unaiegemea kila siku.

SWALI: Fundi, jirani yangu anachomelea mageti kutwa nzima na hamna mtu anamlipa kiingilio. Kelele ni kelele tu acheni usanii.
Mkazi wa Mbagala

JIBU: Mpelekee maji baridi, muombe ruhusa, mrekodi, unitumie.

SWALI: Mambo vipi mkuu. Mi nimeshavuka hatua ya kurekodi, nina masaa na masaa. Shida yangu ni kutengeneza. Kila nikichukua sauti naiweka kwenye Paulstretch naivuta mara ishirini, inatoka nzuri, ya mbinguni kabisa. Ila nimegundua mafundi vyuma wa Gerezani wakivutwa wanatoka sawasawa na vyura wa Msasani, sawasawa na shangazi anasonga ugali. Vyote ni kwaya ndani ya pango. Nakosea wapi?
Mzee wa Nyaya, Ilala

JIBU: Hukosei popote, umefika mlangoni tu ukadhani ndo sebuleni. Kile kifaa, na kipo bure humo humo kwenye Audacity, kinachukua sauti kinaipaka kama siagi. Ncha zote zinaondoka, na ncha ndo jina la sauti. Nyundo inajulikana kwa ile "ta" ya mwanzo, chura kwa ile "kro". Ukishapaka, wote wanakuwa siagi.

Hapa watu wamegombana tangu zamani. Schaeffer alitaka usahau sauti imetoka wapi, usikilize umbo lake tu, kupanda kwake, kushuka kwake. Alikuwa anatumia sahani za santuri, akafanya mchezo mmoja maarufu, alirekodi kengele lakini akaukata ule mwanzo inapogongwa, ukabaki mvumo peke yake, na watu hawakujua tena kama ni kengele, wengine walisikia kama filimbi. Ni ugunduzi mkubwa mno, jaribu leo na sufuria. Lakini akaja Luc Ferrari, wa humo humo kwenye kundi la Schaeffer, akaenda kijiji cha wavuvi Vela Luka kisiwa cha Korčula, siku hizo ni Yugoslavia, akawa anaweka maiki dirishani alfajiri baada ya alfajiri. Kazi yake ilitoka 1970, kama dakika 20, unasikia injini ya boti, punda, wanawake wanaitana, mwisho nyenze wanajaa mpaka wanafunika kila kitu. Kaficha mikono yake, amekata na kuunga asubuhi nyingi ziwe moja na wewe hujui. Wenzake wengine walimwona kama kawasaliti, eti hii ni picha ya mnato, sio muziki.

Mi niko upande wa Ferrari, nasema wazi. Kama nimeamka saa kumi usiku kwenda kurekodi, nimepigwa na mbu, nimesukumana, sitaki mwisho wa siku nitoke na mvumo ambao ningeupata kwenye kinanda cha mtumba nikiwa kitandani. Lazima ibaki sehemu inayosema ilikotoka. Sio yote, sehemu.

Sasa twende kwa mafundi wako wa Gerezani. Chagua mapigo kumi tu ya nyundo, yale yenye mvumo mrefu. Kwa matano kata "ta" ya mwanzo kama Schaeffer, punguza mwendo nusu, yanashuka oktavu nzima na yanakuwa marefu mara mbili, tayari una kengele tano ambazo hakuna duka linaziuza. Matatu yakate punje. Hapo naongelea ile mbinu ya kusaga sauti kuwa vipande vidogo sana, vya milisekunde moja mpaka kama mia hivi, af unavimwaga upya, vingi au vichache, kwa mpangilio au ovyo, vinakuwa kama mchele unadondoka kwenye ungo, au ukivibananisha vinakuwa ukungu. Tofauti na kupaka siagi ni kwamba punje bado ina ladha ya chuma. Mawili yaliyobaki usiyaguse. Yaache yalivyo, na fundi mmoja akiongea nyuma yake kama alikubali, uyaweke dakika ya tatu au ya nne wakati msikilizaji ameshazama anadhani yuko kanisani. Ta! Anagundua alikuwa Gerezani muda wote.

Na kitu kimoja ambacho hakina efekti ndani yake, kukata muda. Chris Watson, Mwingereza anayerekodi sauti za vipindi vya wanyama, alikaa Masai Mara siku nzima Oktoba 2002, saa kumi na nne, akazikunja zikawa dakika 18. Hajapaka chochote. Asubuhi inageuka jua kali, inageuka mawingu, jioni inaingia, na wewe hujainuka kwenye kiti.

SWALI: Inalipa?
Bila jina

JIBU: Kidogo sana. Sauti za filamu, michezo ya redio, maonyesho ya makumbusho, kuuza Bandcamp, ule mtandao wa wanamuziki kujiuzia wenyewe, kwa wateja arobaini wenye roho nzuri. Usiache kazi.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama niko Mombasa. Kijana wangu anafanya huo muziki wenu. Tulikuwa na harusi, usiku wa kina mama watupu, simu za kupiga picha tulizikataza mlangoni, kumbe yeye kamwambia dada yake arekodi sauti kwa siri. Akazigeuzageuza akaziweka kwenye intaneti. Mashoga zangu wamekasirika nami nimeaibika. Yeye anasema sauti zimeshabadilishwa, hakuna atakayewajua. Amekosa au hakukosa?
Mama wa Kibokoni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Amekosa, na aiondoe leo, kabla ya magharibi. Mashoga zako hawakukasirika kwa kutambulika na watu, wamekasirika kwa sababu wenyewe wanajitambua, mtu anajua pumzi yake na kicheko chake hata ukikisaga. Kubadilisha sauti ni kazi ya sanaa, haigeuki kuwa ruhusa. Mwambie pia aende nyumba kwa nyumba, sio kutuma ujumbe, na kama kuna mmoja akisema sawa yangu bakisha basi abakishe ya huyo mmoja.

Hapa nikiri jambo maana mtaniona kigeugeu. Juu huko nimemsifu El-Dabh, na yeye alichorekodi kilikuwa shughuli ya wanawake pia. Naipenda ile kazi na bado linanikera, yote mawili kwa pamoja. Na sisi tuliorekodiwa tunajua linavyokera. Makabati ya Ulaya yamejaa sauti za mababu zetu, walikuja watu na mashine wakaimbiwa wakaondoka. Huyo huyo KMRU ana kazi ya 2022 inaitwa Temporary Stored, alichukua rekodi zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, yale ya mambo ya Kongo na Afrika ya Kati, akazifanyia kazi na kuziuliza zinafanya nini mle ndani. Na kule Kenya kwa Wakipsigis, nyimbo alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1950 zilichukua zaidi ya miaka 60 ndipo nakala zikarudishwa kijijini. Kijana wako ana bahati, yeye wenye sauti ni jirani zake, hahitaji miaka sitini.

Ya jumla kwa wengine wanaoniuliza hilo hilo: sokoni na stendi hamna anayemiliki makelele, ila ukimsogelea mtu mmoja mpaka maneno yake yanasikika, muulize. Adhana na mahubiri msivikate lupu za kujirudiarudia, mtajitafutia ugomvi na mtakuwa mmeutaka. Na ule wimbo unaolia kwenye spika ya daladala una mwenyewe na mwenyewe ana COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kuuburuza mara nane hakukufanyi uwe wako.

SWALI: Salamu kutoka Muscat. Wazee wangu ni wa Pemba, mi nimezaliwa huku. Mwaka juzi nilienda mara ya kwanza, nikarekodi kwa simu bibi na jirani zake wanachambua karafuu barazani Wete, dakika sita. Ni sauti mbovu, upepo upo, jogoo yupo, na kuna pikipiki inapita inaharibu. Nataka nitengeneze kitu lakini naogopa kuigusa. Nianzie wapi?
Mjukuu wa Muscat

JIBU: Dada au kaka, sijui, samahani. Anza kwa kutengeneza nakala mbili, moja iweke sehemu ambayo hata wewe kuifikia ni kazi, hiyo haiguswi milele. Ya pili ndo ya kuchezea.

Kasikilize kwanza kijana wa Kikenya anaitwa Nyokabi Kariũki, wa kike, ana mkusanyiko wa 2022 unaitwa peace places: kenyan memories, aliutengeneza kwa rekodi za nyumbani, shamba la bibi yake, pwani ya Galu, mbuzi wanaolishwa maembe. Kazichanganya na sauti yake mwenyewe na ala, na sehemu nyingi hajaificha nyumbani hata kidogo. Sikuambii umuige. Nataka uone kwamba inawezekana kugusa bila kubomoa.

Sasa dakika zako sita. Pikipiki usiifute. Najua kila mtu atakwambia uifute, kuna programu siku hizi zinafuta, ila zikifuta zinang'oa na karafuu, maana mchakacho wa karafuu na ule wa pikipiki vinakaa juu juu pamoja. Na pia hiyo ndo Wete yenyewe, pikipiki hupita. Ukiipunguza mwendo mara nne, inateremka oktavu mbili, inakuwa besi ndefu inayokuja na kuondoka, hiyo ndo sakafu ya wimbo wako umeshaipata bure. Upepo ule wa puu puu uko chini kabisa, weka filta uondoe kila kitu chini ya hezi 80 hivi kabla hujafanya jingine.

Karafuu zenyewe, zile zinazodondoka kwenye mkeka, hizo hazihitaji kusagwa, tayari ni punje. Kata thelathini, moja moja, kwa mkono, itakuchukua jioni mbili tatu. Zimwage upya upendavyo, moja kulia moja kushoto, mwanzo chache, af nyingi. Sauti ya bibi iache wima, usiivute, usiipake mwangwi. Mpigie umwambie unataka kuitumia na umsomee kwenye simu kile alichosema, maana huenda alikuwa anamsengenya mtu.